Nusu za Kanga

Kabla ya jambo lolote nitenge niliyoyashuhudia na niliyoambiwa, kwa kuwa katika mji huu mambo hayo mawili hupikwa chungu kimoja. Nilishuhudia tovuti ya shemeji yangu ikikatiwa njia ya kupokea malipo. Nilikuwepo, na sauti iliyomweleza sababu ilipitia kinywani mwangu. Nilishuhudia pia akiletewa njia ya kujiokoa, na akaikataa. Nilichosikia ni kwamba polisi walivunja mlango wake, kwamba alikuwa akiuza picha za wake za watu, kwamba alikamatwa uwanja wa ndege akikimbia. Hayo nimeyasikia kanisani, msibani, na kwenye foleni ya duka la vyakula pale Jakobsberg, kitongoji ninapoishi, na kila aliyenisimulia alikuwa ameambiwa na mtu ambaye naye hakuwepo. Nimeyataja mara moja ili msomaji ajue nayafahamu. Sitayarudia.

Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa ukalimani, mahakamani na katika ofisi za serikali, baina ya Kiswahili na Kiswidi. Ni kazi yenye kanuni fupi na ngumu: kila kinachosemwa chumbani kifasiriwe, kisichosemwa kisitiwe kinywani mwa mtu, na mkalimani asiwe na upande. Kanuni hiyo imenifanya mgeni asiyetakiwa sana karamuni. Mtu akianza kwa kusema "wanasema", mimi humuuliza ni nani hao wanaosema, na mazungumzo hufa.

Shemeji ninayemtaja ni mjane wa rafiki yangu. Mimi na mumewe tulitoka Tanga kuja kusoma hapa tukiwa vijana. Nilisimama naye siku ya ndoa, na tangu hapo mkewe akaniita shemeji na kujipa ruhusa yote ya utani inayofuatana na jina hilo. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika hospitali ya Flemingsberg, kazi ya kuwageuza na kuwanyanyua wagonjwa, mpaka mgongo ulipokataa. Hapo ndipo aliporudia kazi aliyoachiwa na bibi yake, yaani usomo.

Kwa msomaji asiyetoka pwani, somo ni mwanamke anayemfunda bibi harusi mambo ya unyumba, yakiwemo yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Mabibi harusi wa hapa ni watu wazima, wauguzi, wahasibu, walimu, wengine wakiolewa kwa mara ya pili. Walimjia Wakenya, Waganda, Warundi na Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Walipozidi, na wengine wakaanza kumwandikia kutoka miji ya mbali, binti yake alimjengea tovuti. Mlangoni iliuliza umri. Ndani kulikuwa na mafunzo ya kusoma, mafunzo ya sauti, hadithi za chumbani alizoziandika mwenyewe, na video chache za wanawake waliojifunga kanga, wamekaa mkekani na kuipa kamera mgongo, wakionyesha namna kiuno kinavyofundishwa. Nyuso hazikuonekana. Mteja alilipa kwa kadi kila mwezi. Sitaipamba kwa maneno ya staha: ilikuwa tovuti ya watu wazima, na yeye mwenyewe aliiita hivyo.

"Umefungua duka la nini?" nilimuuliza siku aliponieleza habari hiyo jikoni kwake, Upplands Väsby.

"La chumbani, shemeji. Usijifanye hujui kwamba nyumba ina chumba."

"Na watu wanalipa?"

"Wanalipa, tena kwa furaha. Wewe ungefundwa mapema, marehemu mkeo, mke mwenzangu, asingekuwa anasinzia kila akikusikia ukianza kusema."

Niliweka kikombe chini. Yeye alicheka mpaka akaushika mgongo.

Duka hilo ndilo lililomlipia pango la nyumba. Ndilo pia lililomwezesha kutorudi kwenye kazi ya kunyanyua watu, ambayo daktari wake alikwisha kumkataza. Jambo hili niliwekee alama mapema, kwa kuwa yote yaliyofuata yalipimwa kwalo.

Kuna desturi moja ya nyumba yao ambayo ni lazima niieleze. Mwanamke yeyote aliyekubali kusaidia kufundisha, iwe kwa sauti au kwa mwili, alipewa doti ya kanga ambayo haijatenganishwa. Msaidizi na somo waliikata pamoja mbele ya shahidi mwanamke. Kipande kimoja alichukua msaidizi, kingine kilibaki kwa somo, na ukingo uliokatwa haukupindwa. Hiyo ndiyo ilikuwa ridhaa. Msaidizi akibadili nia hata baada ya miaka, hakuwa na haja ya kujieleza. Alirudisha kipande chake, na yale aliyoyatoa hayakutumika tena. Bibi yake alifanya hivyo kwa mafunzo ya chumbani, na shemeji alifanya hivyohivyo kwa video. Niliona mwenyewe siku moja kipande kikirudi ndani ya mfuko wa plastiki, bila neno lolote, na jioni hiyohiyo binti alipigiwa simu aifute video. Sharti la pili la desturi hiyo lilikuwa hili: somo hamtaji aliyekuwemo chumbani. Kwa mume wa mtu hamtaji, kwa mchungaji hamtaji, na kwa serikali pia.

Majira ya vuli taarifa ikaja. Ilitoka kwa kampuni inayosimama kati ya tovuti ndogo na kampuni za kadi, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imempitishia malipo bila swali. Shemeji anajua Kiswidi cha wodini, cha "geuka kidogo" na "inauma wapi", lakini Kiswidi cha mikataba kinampita. Akanipigia simu. Nilipanda treni, nikaisoma taarifa mezani kwake mara mbili, kisha nikamfasiria. Ilisema akaunti yake imehamishiwa katika kundi la maudhui ya watu wazima. Kwa hiyo alitakiwa kuwasilisha kitambulisho, uthibitisho wa umri na ridhaa ya maandishi ya kila mtu anayeonekana au kusikika. Kila kipya kikaguliwe kabla ya kuwekwa. Ada ya kila mwaka ya kundi hilo ilipwe. Mpaka hapo, malipo yalisimamishwa, pamoja na yale yaliyokwisha kupokelewa.

Tulipiga simu. Niliweka sauti ya nje, na nilimweleza kijana aliyepokea kwamba mimi ni mkalimani na nitafasiri kila kitakachosemwa.

"Ni nani wanaoonekana katika video hizo?" aliuliza kijana.

"Mwulize kwanza kama ameoa," akasema shemeji.

Nilifasiri. Alikuwa amelisema, na kanuni ni kufasiri kila kinachosemwa.

Kijana akauliza: "Hilo lina uhusiano gani na suala hili?"

"Mwambie lina uhusiano. Aliyeoa angeelewa ninachofundisha."

Nilifasiri hilo pia. Kijana alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko, ingawa siwezi kukiapia kicheko nisichokiona. Kisha akarudi kwenye karatasi yake. "Mwenye tovuti anawafahamu watu hao?"

"Nawafahamu kuliko mama zao wanavyowafahamu."

"Anaweza kutupatia majina na vitambulisho vyao?"

Shemeji aliangalia dirisha. Nilisubiri. Mkalimani hafasiri kimya, kwa hiyo nilimwambia kijana ukweli wenyewe: "Hajajibu."

Alipoanza tena kusema, aliuliza kama anaweza kuziondoa video zote abaki na maandishi na sauti yake peke yake. Kijana alijibu kwa upole kwamba yaliyokwisha kuonyeshwa na kulipiwa yanahesabiwa hata yakifutwa, na kwamba hadithi zenyewe zinatosha kumweka katika kundi lilelile, kwa ada ileile. Aliuliza kama kipande cha kanga na shahidi aliye hai vinaweza kukubaliwa. Nilifasiri habari ya kanga kwa ukamilifu, pamoja na ukingo usiopindwa. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Alisema ni jambo zuri sana, na kwamba mfumo hauna mahali pa kulipokea.

Swali la mwisho liliulizwa na mimi kwa ruhusa yake. Vitambulisho hivyo vitasomwa na nani, na vitakaa wapi? Alijibu kwamba vitapelekwa kwa mshirika wao wa uhakiki aliye nje ya nchi, na kwamba muda wa kutunzwa kwavyo yeye haujui. "Si sisi tuliotunga masharti haya," aliongeza. "Ni kampuni za kadi." Nikamwuliza kama shemeji anaweza kuzungumza na kampuni za kadi. Akasema haziongei na wenye tovuti.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo na kumwacha msomaji adhani kwamba sharti hilo ni la kipumbavu. Mahakamani niliwahi kukaa kando ya mwanamke ambaye picha zake za faragha ziliuzwa na mwanamume aliyemwamini. Aliyoyasema niliyasema kwa nafsi ya kwanza, kama kazi inavyotaka: "Sikujua kwamba zinauzwa. Hakuna aliyeniuliza." Nilitoka nikaosha uso kwa maji baridi, jambo ambalo si kawaida yangu. Kama wakati huo kungekuwa na mtu wa kudai ridhaa ya mwanamke yule kabla fedha haijapita, pengine nisingemkuta pale kizimbani. Kwa hiyo ninaposema kwamba sharti hilohilo lilimwangamiza shemeji, sisemi kwamba lilitungwa na waovu. Nasema nililisoma lote, na sikuona ndani yake mstari wowote unaomtofautisha mwanamke mmoja wa Upplands Väsby na kampuni yenye jengo zima la wanasheria. Ada ilikuwa ileile.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni kwake tena, nikimsaidia kuandika rufaa, kengele ya mlango ilipolia. Aliyeingia alikuwa mama wa Bukavu, anayefanya usafi katika chuo cha Flemingsberg, ambaye nilikuwa nimemwona mara kadhaa kanisani bila kujua chochote zaidi. Siandiki kwamba alikuwa katika video. Naandika kwamba aliketi, akafungua mkoba, akatoa kitambulisho chake na kukiweka juu ya meza.

"Mama, nimeleta karte yangu. Piga foto, tuma, tumalize hii maneno."

"Nani amekuambia?" aliuliza shemeji.

"Banasema pale kanisani eti malipo yako yamefungwa juu ya sisi, juu hatutaki kutoa majina."

"Ni nani hao wanaosema?" nikauliza.

Alinigeukia. "Papa, si leo. Leo usiniulize ni nani."

Shemeji alikuwa amekikazia macho kitambulisho lakini hakukigusa.

"Kesi ya watoto imefika wapi?" alimuuliza.

Mama huyo alieleza kwa sauti ya chini. Mume wake wa zamani alikuwa amefungua kesi akitaka watoto waishi naye. Tarehe ilikuwa karibu. Hilo nimeambiwa, lakini nimeambiwa na mwenyewe, na wito wa mahakama alinionyesha ili nimsomee sentensi moja.

"Na huyo bwana akijua jina lako limekaa kwenye faili la tovuti ya watu wazima?"

"Atajuaje? Iko mbali, nje ya inchi."

"Shemeji," akaniambia, "wewe umekaa na majaji. Hizo karatasi zikienda, zitatulia huko?"

"Nilimuuliza yule kijana wa simu, akasema hajui," nilijibu. "Siwezi kukuambia zaidi ya nilichoambiwa."

"Sitaki uniambie zaidi. Nataka hilohilo." Akamgeukia mgeni. "Umesikia. Mwenye kuzidai hajui zitatunzwa mpaka lini. Rudisha mkobani."

"Juu ya nini unakataa? Ni jina yangu, si yako!"

"Jina ni lako. Chumba ni changu."

"Na utakula nini?"

"Kuna wazee wengi Väsby wanaotaka kuogeshwa."

"Na huo mgongo?"

"Mgongo utajijua wenyewe."

"Mama, uko kichwa ngumu kuliko mume wangu!"

"Ndiyo maana wewe ulimwacha yeye, mimi ukaniganda."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi ambacho hakikumpunguzia mtu kitu. Shemeji akavuta kanga iliyokuwa begani mwake, akakifunika kile kitambulisho pale mezani kama anavyofunikwa mtu aliyelala, akakisukuma kikiwa ndani ya kitambaa mpaka kikafika mbele ya mwenyewe. Hakukishika kwa mkono, na hakulitamka jina. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuliapia hilo.

Rufaa ilikwenda bila majina. Jibu lilirudi fupi: akaunti imefungwa. Tuliandika kwa kampuni nyingine za aina hiyo, mimi nikitafsiri, yeye akikagua kama nimeyaweka maneno yake yote. Kila moja ilikataa, na kila moja ilikataa kwa maneno yaliyofanana mno na ya mwenzake. Nimesikia, na msomaji alishike neno hilo, kwamba kampuni hizi zina orodha ya pamoja ya wafanyabiashara waliofungiwa, na aliyeandikwa humo hapokelewi kwa miaka. Orodha hiyo sijaiona. Majibu niliyaona, kwa kuwa ni mimi niliyeyasoma. Mmoja wa wateja wake alishauri fedha zitumwe mkononi, kwa watu wanaosafiri. Shemeji alijibu kwamba hatakuwa mwanamke anayepokea bahasha kituoni, maana hapo ndipo uvumi wao ungepata miguu.

Siku ya kuifunga tovuti alitaka niwepo. Binti yake alikuwa kwenye simu, na kama watoto wengi waliokulia hapa, mama alimsemesha kwa Kiswahili naye akajibu kwa Kiswidi. Alimuuliza mama yake kama ana hakika. Mama akamwambia ana hakika. Akamuuliza tena. Safari hii mama akamwambia aifunge. Kwenye kioo cha kompyuta ukurasa ulibadilika, pakabaki maneno ya kawaida yanayosema kwamba ulichokitafuta hakipo.

"Haya," akasema shemeji. "Sasa mji umekuwa msafi, shemeji. Mnaweza kulala."

Alikwenda chumbani akarudi na vipande vya kanga alivyokuwa amevitunza, akavipiga pasi kimoja kimoja hapo jikoni. Alinieleza kwamba bibi yake, alipozeeka na kuiacha kazi, aliwarudishia wasaidizi wake vipande vilivyobaki kwake ili kila mmoja awe huru na neno lake. Vingine vilichukuliwa na wenyewe. Majira ya baridi yalipoingia, alikuwa amekwisha kuajiriwa kuwahudumia wazee majumbani. Nilimkuta mara moja kwenye ngazi za jengo moja, amevaa sare ya kazi, mkanda mpana wa kuushikilia mgongo ukiwa umefungwa juu ya sweta. Alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mkono mmoja ukutani. Hakutania. Ndiyo mara pekee ninayoikumbuka aliyonisalimu bila utani.

Zamu zake hazikumpa nafasi ya kufika Flemingsberg, kwa hiyo kipande kimoja alinipa mimi nikipeleke. Sikuambiwa ni cha nani kwa jina. Niliambiwa nisimame kwenye jukwaa la treni, upande wa treni za kaskazini, na kwamba atakayekuja nitamtambua.

Alikuja mama wa Bukavu, akiwa bado na nguo za kazi chini ya koti. Alinisalimu, "Papa," akapokea mfuko. Habari za kesi yake nimezisikia baadaye kwa watu wawili, na zinapingana. Sitaandika hata moja. Hakuniuliza kuhusu shemeji, nami sikumweleza habari ya ngazi. Alivua glavu, akatoa kile kipande kilichopigwa pasi, kisha kutoka ndani ya mkoba wake akatoa kingine, cha rangi zilezile, kilichochakaa zaidi kwa kufuliwa. Upepo ulikuwa mkali pale jukwaani, nikamshikia upande mmoja. Alivilaza viwili hivyo pamoja juu ya mkono wangu, ukingo kwa ukingo, akaufuata mkato kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho. Ulilingana.